Neno "Luxury" na Shamba Lililozidi Majani

Leo tunakuja kwenu tukiwa na deni.

Miaka michache iliyopita, katika mazungumzo kama haya, tulieleza maana ya neno la Kiingereza "luxury". Ni neno ambalo siku hizi mtu hawezi kulikwepa. Limeandikwa ubavuni mwa mabasi ya safari za usiku, limeandikwa juu ya mabango ya nyumba za ghorofa huko Nairobi, hata juu ya pakiti za karatasi za chooni tumeliona. Basi tulisema, kwa sauti ya mtu ajuaye, kwamba neno hilo limetokana na "lux", neno la Kilatini ambalo maana yake ni nuru. Na kwa kuwa Mungu ni nuru, tukaendelea kusema, mtu atafutaye vitu vizuri anaitafuta nuru pasipo kujijua. Ilikuwa hotuba tamu. Watu wengi walitushukuru.

Ilikuwa pia hotuba isiyo ya kweli. Hatukukusudia kudanganya. Tulilisikia jambo hilo kwa mtu, naye alilisikia kwa mtu mwingine, nasi hatukufungua kamusi. Mwalimu mmoja mstaafu, mama aliyesoma Kilatini katika ujana wake, alitungoja nje baada ya ibada. Alitushika mkono, akasema polepole, "Mchungaji, lile neno la juzi halitoki kwenye nuru. Nenda ukatazame." Tulikwenda tukatazama. Alisema kweli.

Tungaliweza kulinyamazia jambo hili, maana ni nani anayeyakumbuka maneno ya redio baada ya juma moja? Lakini yuko aliyeyakumbuka. Kijana mmoja wa kanisa letu alikuwa amechukua mkopo kwa hati ya shamba la mama yake, ekari mbili na nusu, ili anunue gari la fahari. Mambo yalipoharibika, tukaitwa nyumbani kwao, alituambia mbele ya mama yake kwamba hotuba ile ndiyo iliyomtoa wasiwasi. Pengine angalikopa hata bila sisi. Lakini alilitaja neno letu, na mama yake alikuwa ameketi pale pale juu ya kigoda akisikia.

Kwa hiyo leo tunalirudia neno hili tangu mwanzo, na tunaomba mtuvumilie.

Tuanze na lile kosa. Katika Kilatini yako maneno mawili yanayofanana kama mapacha wasio ndugu. La kwanza ni "lux", yaani nuru. Irabu yake hutamkwa kwa kuvutwa. La pili ni "luxus", ambalo irabu yake ni fupi, na maana yake ni wingi uliopita kiasi. "Luxury" ni mtoto wa hili la pili, kwa njia ya neno "luxuria". Halina udugu wowote na nuru. Wenye biashara hawapendi kulisema hilo, maana jina linalong'aa huuza bidhaa. Nasi wahubiri, tukiri, mara nyingine tunakuwa kama wenye biashara.

Sasa, wingi huo uliopita kiasi ulikuwa wingi wa nini? Hapa wakulima wetu watege sikio. Warumi wa kale walilitumia neno "luxuria" kwa mambo mengi, na mojawapo ni mimea. Lilikuwa hali ya mmea uliostawi mno, ukaota majani na mashina kupita kipimo. Mshairi wao Virgil, katika kitabu chake cha mambo ya kilimo kiitwacho Georgics, alichokimaliza yapata mwaka wa 29 K.K., anamsifu mkulima anayewaingiza mifugo katika ngano changa ili wale yale majani yaliyozidi. Asipofanya hivyo, shina litakuwa refu na laini, na suke likijaa litaliangusha chini. Neno alilolitumia kwa yale majani ya ziada ni hilo hilo la jamii ya "luxuria". Hata leo Kiingereza kina neno "luxuriant", na mtu akilisema juu ya msitu au bustani hatukani wala hasemi habari za fedha. Anasema tu kwamba mimea imesongamana.

Kila aliyepanda maharagwe analijua jambo hili kwa macho yake. Ukimwaga samadi na mbolea bila kipimo, naitrojeni inakuwa nyingi udongoni, na mmea unapenda kuota majani kuliko kutoa maua. Shamba linapendeza mno. Jirani akipita barabarani anasimama kulisifu. Siku ya kuvuna unainua matawi unatafuta maganda, nayo ni machache. Mmea haukuugua, ulishiba.

Tuongeze jambo dogo. Katika Kilatini "luxus" lilikuwa pia na maana ya kitu kilichoteguka, kama bega lililotoka mahali pake, na madaktari wa Ulaya mpaka leo hutumia "luxation" kwa kiungo kilichoteguka. Wataalamu wengi wa lugha huyahusisha maneno haya mawili, kwa kuwa yote ni kutoka mahali pake. Sisi hatutajenga hotuba nyingine juu ya hilo. Tumekwisha kuonywa.

Warumi waliiogopa "luxuria" hata wakaitungia sheria. Mwaka wa 215 K.K., wakati wa vita vyao na Hannibal, mwaka mmoja baada ya kupigwa vibaya huko Cannae, walipitisha sheria iliyoitwa Lex Oppia. Mwanamke hakuruhusiwa kuwa na dhahabu zaidi ya nusu wakia, wala kuvaa nguo ya rangi nyingi, wala kupanda gari la farasi mjini isipokuwa kwa ajili ya ibada ya watu wote. Vita vikaisha, Hannibal akashindwa, sheria ikabaki. Mwaka wa 195 K.K. wanawake wa Roma walijaa barabarani wakidai iondolewe. Cato, aliyekuwa mmoja wa wakuu wa serikali mwaka ule, alisimama kuipinga hoja yao kwa ukali, naye alishindwa. Tunaona walikuwa na haki. Wanaume walikuwa wameendelea kuvaa zambarau yao wakati wote huo, na ni wepesi sana wanaume kuiona anasa ikiwa imevaliwa na mke wa mtu.

Baadaye, mwaka wa 161 K.K., ikaja Lex Fannia, sheria ya karamu. Mwandishi Pliny anatueleza kwamba iliruhusu kuku mmoja tu mezani, mtetea, tena asiwe wa kunoneshwa. Watu walifanyaje? Sheria ilimtaja mtetea, basi wakaanza kunonesha majogoo kwa chakula kilicholowekwa katika maziwa. Tulipolisoma hili tulicheka peke yetu ofisini. Mwanadamu hajabadilika.

Basi neno likaingia Kanisani. Mwishoni mwa karne ya 4 Jerome aliipitia Injili ya Kilatini, na katika Luka 15:13, pale yule kijana alipokwenda nchi ya mbali na kutapanya urithi wake, Biblia ya Kilatini inasema aliishi "luxuriose". Hapa tulisimama kwa muda mrefu. Tulipokuwa chuo cha theolojia tulinunua kamusi ya Kiyunani iliyokwisha kutumika, iliyoshonwa mgongo kwa uzi, nayo ndiyo tuliyoifungua. Neno la Kiyunani la mahali pale ni "asotos". Limejengwa na kiambishi cha kukanusha pamoja na neno la kuokoa au kuhifadhi. Ni mtu asiyehifadhi kitu, na kwa hiyo yeye mwenyewe hahifadhiki. Aristotle, zaidi ya miaka 300 kabla ya Kristo, alilieleza neno hilo kuwa la mtu anayejiharibu mwenyewe, maana anayeharibu mali yake anaharibu kitu cha kumwezesha kuishi.

Sasa fungua Biblia yako ya Kiswahili, ile ya Union Version. Utaona imeandikwa kwamba maisha ya kijana yule yalikuwa ya uasherati. Si kosa, wafasiri walikuwa na sababu yao. Lakini katika Kiyunani msimulizi hajasema bado neno lolote juu ya wanawake. Anayewataja makahaba ni kaka yake mkubwa, katika mstari wa 30, naye hakuwako huko nchi ya mbali. Mtajiamulia wenyewe kama alikuwa na habari za hakika au alikuwa na hasira.

Tumelitaja jambo hili kwa sababu ndiyo njia hasa ambayo neno "luxury" lilipita. Yule mtapanyaji akawa mzinzi. Mwishoni mwa karne ya 6, Gregory Mkuu, askofu wa Roma, alipopanga orodha ya dhambi kuu saba, ya mwisho aliiita "luxuria", naye alikusudia tamaa ya mwili. Huyu ni Gregory yule yule aliyemtuma Augustine Uingereza, akafika Kent mwaka wa 597, na Canterbury ikawa makao ya askofu mkuu, ambako sisi Waanglikana tunahesabu chimbuko letu. Kwa hiyo twaweza kusema Waingereza waliipokea Injili na orodha ile kutoka mkono mmoja.

Neno lilipoingia katika Kiingereza chenyewe, katika karne ya 14, kwa kupitia Kifaransa cha kale, maana yake ilikuwa hiyo: uzinzi, ashiki. Chaucer, aliyekufa mwaka wa 1400, na ambaye mahujaji wake walikuwa safarini kwenda Canterbury, alilitumia hivyo. Shakespeare, miaka 200 baadaye, alilitumia hivyo. Hata katika Biblia ya Kikatoliki ya Kiingereza iliyosahihishwa na Askofu Challoner katikati ya karne ya 18, utalikuta "luxury" katika Wagalatia 5:19, ndani ya orodha ya matendo ya mwili, karibu na uchafu. Hebu fikirini basi la safari ya Mombasa limeandikwa ubavuni neno lile kwa maana ile. Abiria wangeshuka, au labda wangejaa.

Wafaransa walifanya jambo la busara zaidi: waligawa neno. Wana "luxe" kwa vitu vya fahari na "luxure" kwa dhambi ya mwili. Waitaliano na Wahispania walifanya vivyo hivyo, kila mmoja kwa lugha yake. Ndugu zetu wa Kongo na Burundi waliosoma Kifaransa wanalijua hilo tangu shule. Waingereza wao walikuwa na neno moja tu, likabeba mizigo yote miwili, mpaka mmoja ukaanguka njiani.

Ulianguka lini? Si kwa siku moja. Tangu karne ya 17 neno lilianza kutumika zaidi kwa chakula, mavazi na vyombo vya gharama. Hata hivyo lilibaki neno la lawama. Uingereza nayo ilikuwa na sheria zake za mavazi: mwaka wa 1363, chini ya mfalme Edward wa Tatu, iliandikwa nani avae manyoya gani na kitambaa cha bei gani, kuanzia mkulima hadi bwana. Sheria za namna hiyo ziliondolewa mwaka wa 1604. Kanisa letu lenyewe, katika kitabu cha pili cha Homilia cha mwaka wa 1563, lilikuwa na hotuba nzima dhidi ya mavazi yaliyozidi kiasi, nayo imetajwa katika Kanuni ya 35 ya zile Kanuni 39. Ziko hapo mpaka leo, nyuma ya Kitabu cha Sala, mahali ambapo wachache hufika.

Ndipo wakaja watu waliouliza swali jipya. Mwaka wa 1714 daktari mmoja Mholanzi aliyeishi London, Bernard Mandeville, alitoa kitabu juu ya mzinga wa nyuki. Katika hadithi yake nyuki wanatajirika kwa sababu ya kiburi na anasa zao. Wanapogeuka kuwa wema, biashara inakufa na mzinga unabaki mtupu. Watu walikasirika, lakini walikisoma. Mwaka wa 1752 David Hume aliandika insha juu ya "luxury", akitofautisha ile isiyo na hatia na ile yenye kudhuru. Mwaka wa 1760 akaibadilisha kichwa, neno "luxury" likatoka. Inaonekana hata yeye aliliona lina harufu.

Hatupendi kumdharau Mandeville upesi. Kuna kweli ndani ya maneno yake. Seremala wa kanisa letu anakula kwa sababu kuna mtu anayetaka kabati lenye nakshi. Kama sote tungeketi juu ya magogo, watoto wake wangelala njaa. Lakini yako maswali ambayo nyuki wa Mandeville hawakuulizwa. Anasa hii imelipiwa na nani?

Chukueni sukari. Mtu wa Uingereza wa karne ya 18 aliyeweka sukari katika chai alikuwa akitumia kitu cha mbali, kilicholimwa na watumwa Waafrika katika visiwa vya Karibi. Mwaka wa 1791 Bunge lilipoukataa muswada wa Wilberforce wa kukomesha biashara ya watumwa, familia nyingi ziliamua kuacha sukari hiyo. Thomas Clarkson, aliyezunguka nchi nzima kwa ajili ya jambo hili, alikadiria watu wapatao 300,000. Biashara ile ilikomeshwa kwa sheria mwaka wa 1807. Hatusemi chai isiyo na sukari ndiyo iliyoikomesha. Tunasema kwamba wako watu, wengi wao akina mama jikoni, waliokitazama kijiko na kuuliza kimetoka wapi.

Au chukueni pembe za ndovu, na hapa tumekwisha kufika nyumbani. Katika karne ya 19 kila nyumba ya heshima huko Ulaya na Marekani ilitaka piano sebuleni, na vibao vyeupe vya piano vilifunikwa kwa pembe. Mipira ya biliadi nayo ilichongwa kwa pembe. Miji miwili midogo ya jimbo la Connecticut, Deep River na Ivoryton, ilikuwa ikikata vibao hivyo kwa wingi, na jina la huo wa pili maana yake ni mji wa pembe. Pembe nyingi zilizofika huko zilipita Zanzibar. Kabla ya kufika Zanzibar zilipita juu ya mabega ya watu, kutoka bara hadi Bagamoyo na Mombasa, majuma na miezi ya mwendo. Wengine walikuwa wapagazi wa mshahara, Wanyamwezi na Wakamba walioijua kazi yao na kuionea fahari. Wengine walikuwa watumwa, waliouzwa pamoja na mzigo walioubeba.

Mwaka wa 1875 wamisionari wa CMS walianzisha kijiji karibu na Mombasa kwa ajili ya watumwa waliookolewa kutoka majahazini, wakakiita Frere Town kwa heshima ya Sir Bartle Frere. Kengele yake ingaliko, na mahali pale watu hupaita Kengeleni. Matatu husimama hapo kila siku na makanga hulitaja jina bila kufikiri. Baadhi ya watu wa kwanza wa Kanisa letu katika nchi hii walitoka katika kijiji kile. Kwa hiyo mtu akituuliza kama tunaweza kuipenda sauti ya piano, tunajibu kwamba tunaipenda sana. Lakini tunajua.

Kuna msikilizaji aliyetuandikia kutoka bondeni, akasema jirani zake wanamwambia friji aliyonunua ni anasa, naye anataka kujua kama ni kweli. Mama, hatuwezi kukujibu kutoka mbali. Lakini yupo mtu aliyeliona swali lako zamani. Adam Smith, katika kitabu chake cha mwaka wa 1776 juu ya utajiri wa mataifa, alisema kitu cha lazima si kile tu ambacho bila hicho utakufa. Ni pia kile ambacho desturi ya mahali imefanya kuwa aibu kukikosa. Akatoa mfano wa viatu vya ngozi. Uingereza, alisema, maskini wa kiume na wa kike wote wangeona haya kutoka bila viatu. Huko kwao Scotland mwanamume maskini alivihitaji, lakini mwanamke maskini aliweza kutembea miguu mitupu bila lawama. Ufaransa hakuna kati yao aliyelazimika.

Wazazi wetu walitueleza jinsi wao walivyovibeba viatu mkononi, wakatembea miguu mitupu hadi kijito cha mwisho, wakanawa miguu, ndipo wakavivaa na kuingia kanisani. Viatu vilikuwa anasa njiani, vikawa lazima mlangoni. Na kama unauza maziwa, friji yako inaweza kuwa jembe lako. Kama imenunuliwa ili jirani aione, basi jirani zako wamekwisha kukujibu, ingawa na wao wachunguze macho yao.

John Wesley, kasisi wa Kanisa la Uingereza mpaka kufa kwake mwaka wa 1791, aliliendea swali hili kwa hesabu. Katika hotuba moja ya uzeeni alieleza habari za mmoja wa wenzake wa siku za Oxford. Mtu huyo alipata pauni 30 kwa mwaka, akaishi kwa 28, akatoa 2. Mwaka uliofuata alipata 60. Akaishi kwa zile zile 28, akatoa 32. Mwaka wa tatu alipata 90, akatoa 62. Mwaka wa nne alipata 120, akatoa 92. Wengi husema mtu huyo ni Wesley mwenyewe. Sisi tulijaribu mahesabu hayo ya Wesley na mke wetu, jioni moja, kwa kalamu na karatasi, na karo za shule zikatufanya tuifunge karatasi ile mapema. Lakini bado iko ndani ya Biblia.

Limebaki neno letu wenyewe. Tunaposema "anasa" tunatumia neno la Kiarabu, nalo lina asili tofauti kabisa na "luxury". Shina lake kwa Kiarabu ni la kuzoeana, kupata faraja kwa kuwa na mwenzako, kinyume cha upweke na ukiwa. Ndiyo maana Waarabu humwita msichana "anisa", na huko pwani mabinti wengi wana jina la Anisa. Kwa hiyo Mrumi alipoitazama anasa aliona kitu kilichozidi. Aliyetupa sisi neno letu aliona watu walioketi pamoja wakifurahi. Tulipoligundua hili tulimkumbuka yule tajiri wa Luka 16, mwenye nguo za zambarau na kitani safi, aliyefanya karamu kila siku huku Lazaro amelazwa mlangoni pake. Ile zambarau iligharimu sana, maana ilitolewa katika konokono wa bahari, maelfu kwa maelfu kwa rangi ya nguo chache. Alikuwa na "luxury" yote ya Roma. Kwa maana ya kwanza ya neno letu sisi, hakuwa na anasa hata kidogo, kwa kuwa mtu aliyekuwa karibu naye kuliko wote hakuwahi kuketi naye.

Na katika Luka 8:14, ambako Biblia yetu inalitumia neno "anasa" waziwazi, habari yenyewe ni ya shamba: mbegu iliyoota vizuri, ikakua, ikasongwa na kilichokua pamoja nayo.

Tulikwenda kwa yule mama kumwomba radhi. Gari lilikwisha kuuzwa kwa hasara, na mkopo ulikuwa haujaisha. Hatukuwa na la kumpa isipokuwa kusema tulikosea. Alisikiliza, kisha akauliza, "Sasa lile neno linatoka wapi, kama si kwenye nuru?" Tukamweleza habari za Virgil na ngano iliyoota majani mno. Alinyamaza kidogo, akaelekeza kidole kwenye kipande cha maharagwe nyuma ya boma, alikomwaga samadi yote ya ng'ombe mwaka uliopita. "Hilo hata mimi ningewaambia," akasema, "mngeniuliza."

Alituchumia majani ya kunde tupeleke nyumbani. Hati ya shamba ingali kwa wakopeshaji. Mwanawe analipa kila mwezi kutoka mshahara wake, na siku za Jumamosi huja kulima. Malipo ya mwisho, Mungu akijalia, ni mwezi wa Agosti.